Hodi, Siri na Ridhaa: Maneno Tunayojilinda Nayo Katika Zama za Kidijitali



1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo mwalimu wa isimu wa umri wangu angependa kulificha. Asubuhi moja nilipigiwa simu na kijana aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Aliniamkia kwa adabu, akaniita "mzee wangu", akanieleza kwamba laini yangu ilikuwa na kasoro ya usajili na kwamba ingefungwa siku hiyo hiyo. Kisha akasema: "Utaona ujumbe umeingia. Nisomee hiyo namba ya uthibitisho, ili tuthibitishe kwamba wewe ndiye mwenye laini." Ujumbe uliingia kweli. Nilikuwa nimekwishasoma tarakimu tatu kati ya sita pale mjukuu wangu, aliyekuwa akinywa chai pembeni, aliponinyang'anya simu na kuikata.

Nilipotulia nilijiuliza swali moja. Lau kijana yule angeniomba namba yangu ya siri, ningemkatia simu papo hapo. Kwa nini basi nilikuwa radhi kumpa namba nyingine yenye uwezo ule ule wa kufungua mlango wangu? Jibu nililolipata ndilo msingi wa mhadhara huu. Namba ya kwanza nililindwa na jina lake. Ya pili jina lake lilinisaliti.

Hoja yangu ni kwamba maoni ya watu wa kawaida kuhusu usalama wa kidijitali, yawe ya barazani, ndani ya daladala au mezani nyumbani, kwa kiasi kikubwa yanajengwa na maneno tuliyowapa ili wayatumie kufikiria. Aghalabu tunasema kwamba wananchi hawana elimu ya teknolojia. Leo napenda tujiulize kama sisi wanalugha tumewapa msamiati unaowafaa.

2.0 Istilahi inayoagiza na istilahi inayonyamaza

Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki walitakiwa kujifunza dhana mpya kabisa: tarakimu chache zinazosimama badala ya sahihi ya mtu. Dhana hiyo ilipewa jina la namba ya siri, au nambari ya siri kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Jina hili halikuhitaji semina. Katika Kiswahili siri ni kitu kinachotunzwa, na anayeitoa huambiwa kwamba ameivujisha. Kwa hiyo istilahi yenyewe imebeba agizo: usiseme.

Tulinganishe na neno nywila, ambalo limeenea katika programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nywila ni neno fupi na linapendeza machoni mwa wanaistilahi. Hata hivyo, kwa msemaji wa kawaida halina uhusiano unaoonekana na neno jingine analolijua. Halimwambii afanye nini. Wanaotumia neno la siri au nenosiri wamepoteza ufupi, lakini wamehifadhi lile agizo. Mjadala baina ya ufupi na uwazi wa istilahi ni wa siku nyingi katika taaluma yetu. Katika uwanja wa usalama, nadhani uwazi una haki ya kutangulia, kwa kuwa gharama ya kutoelewa hulipwa kwa fedha ya mtumiaji.

Sasa tuiangalie namba ya uthibitisho. Uthibitisho ni nomino inayotokana na kitenzi thibitisha, chenye kiambishi cha usababishi. Kitenzi hiki hudai watenda: kuna anayethibitisha, kuna kinachothibitishwa, na kuna anayethibitishiwa. Kikigeuzwa kuwa nomino, wote hao hutoweka. Ni nani anathibitisha nini kwa nani? Istilahi imenyamaza, na tapeli huingia katika ukimya huo na kujaza nafasi zilizo wazi: wewe utanithibitishia mimi. Isitoshe, kuthibitisha ni tendo la mtu mwaminifu. Anayekataa kuthibitisha huonekana ana jambo. Kwa ufupi, istilahi hii inaeleza kazi ya mtambo wa kampuni na kusahau wajibu wa mwenye simu. Lau ingeitwa namba ya siri ya mara moja, pengine nisingezisoma zile tarakimu tatu.

3.0 "Ile hela": sarufi ya utapeli

Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyewahi kupokea ujumbe wa aina hii: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tumeuzoea hata umekuwa mzaha. Lakini mwanafunzi wa sarufi akiuchunguza atakuta kwamba ni sentensi iliyosukwa kwa ustadi.

Kiashiria cha mbali, katika umbo lake la ile, kina kazi mbili. Kwanza huonyesha kitu kilicho mbali na wazungumzaji wote wawili. Pili hurejelea kitu kisichoonekana lakini ambacho wazungumzaji wote wawili wanakijua. Mtu akikuambia "yule mgeni amefika", anachukulia kwamba mlikwisha kuzungumza habari za mgeni huyo. Hali kadhalika, asemaye "ile hela" anadai, bila kutamka, kwamba baina yenu kuna mazungumzo yaliyotangulia. Haombi fedha, anakukumbusha. Ujumbe hutumwa kwa watu wengi, na miongoni mwao hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa kweli akisubiri kumtumia kodi mwenye nyumba au karo ya mtoto. Mtu huyo hujaza maana mwenyewe. Kiashiria hii nacho hufanya kazi yake kwa upole: huiondoa namba mliyokubaliana na kuweka nyingine mahali pake.

Ikumbukwe pia kwamba ujumbe huu hauna jina la mtumaji. Ukosefu huo si uzembe. Jina lingebana maana, na mtego ungewafaa wachache tu.

Matapeli wengine hutumia rejista iliyo kinyume cha hiyo. Huanza na "Ndugu mteja", hutumia tafadhali na vitenzi vya kutendwa: akaunti yako imezuiwa, laini yako itafungwa. Kauli ya kutendwa humwondoa mtenda, na uamuzi huonekana umetoka mahali pasipohojiwa. Hii ndiyo rejista ambayo ofisi zetu zenyewe zimewazoeza wananchi kuitii. Hivyo tapeli hakubuni lugha mpya. Ameazima ya kwetu.

Kinga dhidi ya mtego wa kwanza ni swali fupi la kisarufi: ile ipi? Dhidi ya wa pili ni jingine: imezuiwa na nani? Maswali haya hufundishwa darasani kwa ajili ya mtihani. Yanastahili kufundishwa pia kwa ajili ya maisha.

4.0 Siri na faragha

Nageukia sasa upande wa sera. Nchini Tanzania wenye laini za simu walitakiwa kuzisajili upya kwa alama za vidole. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nchini Kenya mwaka huo wa 2019 wananchi walipanga foleni kujiandikisha kwa ajili ya Huduma Namba. Katika mijadala ya mitaani juu ya mambo haya lilisikika tena na tena jibu hili: "Mimi sina cha kuficha."

Wanaosema hivyo wana sababu inayoeleweka. Laini isiyo na mwenyewe ni silaha ya mwizi, na usajili humwezesha mtu, kwa kubonyeza *106#, kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sibishani na usajili. Ninachobishana nacho ni mantiki ya lile jibu. Limesimama juu ya dhana kwamba faragha na siri ni kitu kimoja, na kwamba asiye na siri hahitaji faragha.

Utamaduni wa Waswahili haukufikiri hivyo. Mgeni anapofika nyumbani kwa mtu hupiga hodi. Adabu inataka aipige mara tatu, na asipoitikiwa arudi alikotoka. Apigaye hodi haulizi kama ndani kuna jambo la aibu. Huenda mwenye nyumba anachambua mchele tu. Hodi ni kukiri kwamba ndani kuna mwenyewe, na kwamba mwenyewe ndiye asemaye karibu. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa kufuata fikra hiyo: baraza kwa wapita njia, ukumbi kwa wageni, na ndani kwa wenyewe. Mlango haukuwekwa kwa sababu ndani kulikuwa na wizi.

Kwa mantiki hiyo, sheria zinazolinda taarifa za watu kimsingi ni sheria za hodi. Katiba ya Tanzania katika Ibara ya 16 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 katika Ibara ya 31 zinaitambua haki ya faragha. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa aseme anazitaka kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Na hodi hiyo inaihusu serikali pia. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia ukusanyaji wa vinasaba katika mpango wa Huduma Namba. Oktoba 2021 iliamua kwamba utoaji wa kadi za mpango huo ulikiuka sheria, kwa kuwa haikufanyika kwanza tathmini ya athari zake kwa ulinzi wa data.

Hapa pia istilahi zetu zina kasoro. Neno taarifa, sikioni mwa msikilizaji wa redio, ni kitu cha kutangazwa: taarifa ya habari. Neno data, kwa kijana wa leo, ni kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa dukani. Mwananchi akiambiwa kwamba taarifa zake au data zake zinalindwa, anaweza kusikia jambo jingine kabisa.

5.0 Kukubali na kuridhia

Katika simu zetu kuna kitufe kilichoandikwa "Nakubali". Hutanguliwa na kurasa nyingi za masharti, na aghalabu masharti hayo yako katika lugha ya kigeni. Sote hubonyeza. Lugha ya sheria, kwa upande wake, huzungumzia ridhaa. Je, kukubali na kuridhia ni mamoja?

Mtu aweza kukubali kwa kuchoka, kwa haya au kwa njaa. Kuridhia kunadai moyo uwe radhi, na moyo hauwezi kuwa radhi na jambo usilolijua. Tofauti hii ilijitokeza waziwazi Nairobi mwaka 2023, mradi wa Worldcoin ulipowapiga watu picha za mboni za macho na kuwapa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Foleni zilikuwa ndefu. Serikali ilisimamisha shughuli hizo mwanzoni mwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa kishawishi si ridhaa kamili. Waliopanga foleni walikuwa wamekubali, lakini mahakama iliuliza kama waliridhia. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili tayari kwa tofauti hiyo kabla kesi haijafunguliwa.

6.0 Lugha ya lawama

Nisingependa kumaliza bila kutaja namna tunavyowasema waliodhulumiwa. Aliyetapeliwa, husema watu, "kaingizwa mjini" au "kaingizwa mkenge". Misemo hii inachekesha, lakini humweka mdhulumiwa katika nafasi ya mshamba, na mdhulumu humwacha bila jina. Matokeo yake ni kwamba mtu huona aibu na kunyamaza. Mimi mwenyewe nilikaa miezi kadhaa bila kumwambia mwenzangu yeyote habari za simu ile. Nchini Tanzania imetengwa namba 15040 ya kupelekea namba za matapeli, lakini atakayeitumia ni yule tu ambaye haoni haya kusema kilichomfika. Kimya cha mzee mmoja ni nafasi kwa tapeli kumfikia mzee mwingine.

7.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaobuni istilahi za usalama wazijaribu kwa watumiaji kabla ya kuzichapisha, na swali la kuwauliza liwe: neno hili linakuambia ufanye nini? Pili, walimu wa sarufi wautumie ujumbe wa "ile hela" kufundishia viashiria; sijui mfano ulio bora kuliko huo. Tatu, masharti ya huduma zinazouzwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ili kitufe cha "Nakubali" kikaribie japo kidogo maana ya ridhaa.

Mjukuu wangu hakuwahi kuhudhuria mhadhara wa isimu. Nilipomwuliza alijuaje, alijibu: "Babu, yeye ndiye aliyekupigia. Sasa kwa nini wewe ndiye uthibitishe?" Kwa swali hilo aliwarudisha watenda wa kitenzi mahali pao. Nami namshukuru.