PAKA WA GHALA NA FIGO ZAKE

Ndugu mkulima, hapa Uasin Gishu unajua hesabu ya kila gunia lililomo ghalani mwako. Je, wamjua mlinzi wa magunia hayo? Ni paka. Panya hula mahindi, na yale asiyokula huyachafua kwa mkojo na mavi. Kwa hiyo paka akianza kukonda, usilidharau jambo hilo.

Paka wazee hupatwa sana na ugonjwa wa figo. Kazi ya figo ni kuchuja damu. Zikichoka, takataka hubaki mwilini. Paka hunywa maji mengi, hukojoa mno, hukonda, na pengine hutapika. Wengi husema, "Ni minyoo tu." Labda ni minyoo, lakini ni heri kupima kuliko kubahatisha.

Daktari wa mifugo akichukua damu ya paka, aweza kutazama vitu vitatu:

Yurea. Hii hutokana na protini. Hupanda figo zikiwa mbovu, lakini hupanda pia paka akila nyama nyingi au akivuja damu tumboni.

Kreatinini. Hii ni takataka ya misuli. Ikizidi mikromoli 140 kwa lita, daktari huingiwa na shaka. Lakini mara nyingi haizidi kiasi mpaka sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea.

SDMA. Kipimo hiki kilianza kutumika katika maabara za wanyama mwaka 2015. Mara nyingi huonyesha hatari mapema kuliko kreatinini, wala hakidanganywi na misuli iliyopungua.

Sasa angalia mtego uliopo. Paka aliyeugua siku nyingi amekwisha misuli, na misuli michache hutoa kreatinini kidogo. Hivyo figo zaweza kuwa mbovu na hesabu ikaonekana njema! Tena paka aliyekaukiwa maji hesabu yake hupanda hata kama figo ni nzima. Ndiyo sababu daktari hupima na mkojo. Uzito wa maji matupu ni 1.000, mkojo wa paka mzima kwa kawaida hupita 1.035. Mkojo mwepesi pamoja na damu yenye takataka ni ushahidi wa figo mbovu. Kisha daktari hupima tena baada ya wiki chache. Wewe mwenyewe humhukumu ng'ombe kwa maziwa ya asubuhi moja, bali hutazama daftari.

Basi fanya hivi:

1. Mpime paka kila mwezi. Mtie ndani ya kikapu, kitundike kwenye mizani, toa uzito wa kikapu, uandike.

2. Mwekee maji safi kila siku. Usimnyime maji kwa sababu anakojoa sana, atakufa upesi.

3. Usimpe kamwe dawa za maumivu za watu. Panadol huua paka.

4. Usitege sumu ya panya mahali paka anapowinda.

5. Akikonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo mjini Eldoret, na umwulize ni maabara gani ipimayo damu ya paka.

Figo zilizokwisha kuharibika hazirudi. Lakini ugonjwa ukijulikana mapema, paka akapata maji na chakula alichoagiza daktari, aweza kuishi miezi mingi, hata miaka, akiendelea kulinda mahindi yako.