Tubishe Hodi Katika Nyumba za Historia

Msafiri ashukaye garimoshi pale Tabora huwa na mambo mengi ya kuuliza. Huuliza nyumba ya kulala wageni, huuliza bei ya asali, huuliza gari la kumpeleka Mpanda au Kigoma. Ni nadra sana kumsikia akiuliza njia ya Kwihara. Walakini huko Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, lipo tembe la udongo lenye kuta nene, milango ya nakshi na ua katikati, ambalo kila mtu aishiye kwa kazi ya mikono yake angefaa kuliingia walau mara moja katika maisha yake.

Tembe hilo si peke yake. Nchi yetu ina vijumba vingi vya historia vilivyotawanyika mikoani: makumbusho ya Kalenga karibu na Iringa, ukumbi wa Kaloleni mjini Arusha, nyumba ya kuishi ya kawaida kabisa katika mitaa ya Magomeni. Havina fahari ya majumba makubwa. Aghalabu mgeni hukuta mlango umefungwa, akamtuma mtoto aende kumwita mwenye funguo. Mwenye funguo huja taratibu, hufungua, hufungua na madirisha ili mwanga uingie, kisha humpa mgeni kitabu atie sahihi. Na mgeni akizifunua kurasa za nyuma za kitabu hicho, asishangae akiyaona majina ya watu wa Ulaya na Marekani yamefuatana mfululizo, na jina la mtu wa kijiji cha jirani akalitafuta asilione.

Wafanyakazi wenzetu husema kwamba mambo hayo ni ya watalii na watoto wa shule. Mfanyakazi, wasema, akipata siku yake ya mapumziko ana nguo za kufua, wagonjwa wa kuwatazama na misiba ya kuhudhuria. Ni kweli, na mwandishi wa makala hii hawezi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini wasemao hivyo wanadhani kwamba ndani ya nyumba zile imo historia ya wakubwa tu. Hapo ndipo wanapokosea, na kosa hilo si lao peke yao, maana nyumba zenyewe mara nyingi zimepewa majina ya kuwapotosha.

Tulitazame basi hilo tembe la Kwihara. Watu huliita tembe la Livingstone. Livingstone hakulijenga wala hakuwa mwenyeji wake. Kwihara ilikuwa katika nchi ya Unyanyembe, kituo kikuu cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji na ziwa Tanganyika, na matembe ya namna hiyo yalikuwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu waliotajirika kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watu. Stanley alifika hapo Juni 1871, wakati wafanyabiashara hao walipokuwa wakipigana na Mirambo. Baada ya kumkuta Livingstone huko Ujiji alirudi naye Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki hadi tarehe 25 Agosti.

Zaidi ya miezi mitano! Mtu huyo, ambaye magazeti ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakimwandika kila siku, alikaa kwenye tembe la udongo akingoja. Alikuwa akingoja nini? Dawa alikuwa nazo, vitambaa na shanga alikuwa navyo, ramani na vyombo vya kupimia nyota alikuwa navyo. Alikuwa akingoja wapagazi. Stanley aliwaandika kazi huko pwani, watu zaidi ya 50, na mpaka walipofika wao, safari ile mashuhuri haikuweza kusogea hata hatua moja. Katika habari zote za Kwihara, hii ndiyo ipasayo kuelezwa kwanza kwa kila mgeni aingiaye mlangoni.

Upagazi ulikuwa kazi, na watu waliifanya kama kazi. Yapo yaliyobebwa na watumwa, na hilo haifai kufichwa. Lakini katika njia hii ya kati sehemu kubwa ya mizigo ilichukuliwa na watu wa ujira, hasa Wanyamwezi, waliotembea karibu miezi mitatu kati ya Unyanyembe na pwani, kila mmoja na mzigo wa zaidi ya kilo 30 begani au kichwani. Walikuwa na viongozi wao wa msafara, walikuwa na desturi zao za kambini, na walijua haki yao ya posho. Posho ikikosekana au mwendo ukizidishwa walitua mizigo chini wakakataa kuondoka mpaka shauri limekwisha. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya jambo hilo. Huliita ukaidi na uvivu. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi akizisoma kurasa hizo leo atalitambua jambo lenyewe mara moja, wala hatalipa jina hilo.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliokuwa naye walifanya baraza. Mali yote iliandikwa na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika. Uongozi wakapewa Susi na Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akingali mtoto. Wakaamua kumrudisha maiti pwani. Moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani majuma mawili, kisha wakaufunga kwa vitambaa, magome ya mti na turubai. Wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500, kwa muda wa miezi tisa hivi, wanaume na wanawake pamoja. Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone alikuwamo katika msafara huo.

Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Hapo walimkuta afisa wa Kiingereza, Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike papo hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa na hatari. Wakakataa. Watu wa ujira, mbele ya afisa, katika zama zile, wakasema hapana, tumeamua kumfikisha pwani, na tutamfikisha. Walipoonywa mbeleni kwamba wenyeji hawatakubali maiti apitishwe katika nchi yao, walifunga furushi la uongo wakalirudisha Unyanyembe kama kwamba ndilo maiti, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukafanana na mzigo wa nguo. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ukalazwa usiku mmoja katika misheni ya Kikatoliki, ukachukuliwa na meli, na tarehe 18 Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey huko London. Wapagazi walilipwa mishahara yao wakaambiwa kwaheri. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na maiti. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko. Baadaye Chama cha Jiografia cha huko London kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wale, lakini wengine walikuwa wamekwisha tawanyika, na medali hazikuwafikia.

Waingereza wameisimulia habari hii kama hadithi ya utiifu wa watumishi. Sisi tunaona jambo jingine: watu waliobaki bila bwana wakachagua viongozi, wakaandika hesabu, wakatoa uamuzi na kuutimiza bila kusimamiwa na yeyote. Ukisimama katika ua wa lile tembe jambo hili hulioni kwenye picha, lazima uliulize. Kwihara ndiko walikokataa shauri la Cameron.

Kalenga ni habari nyingine, tena yenye uchungu. Ni kilomita 15 hivi kutoka Iringa, na mtu aendaye Mbuga ya Ruaha hupita jirani kwa mwendo wa kasi. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyoanguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo. Ndani ya makumbusho hayo limo sanduku la kioo, na ndani ya sanduku limo fuvu. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe; kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru kirudishwe kwa muda wa miezi sita. Kilirudi baada ya miaka 35. Gavana Twining alilikabidhi fuvu hilo Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na aliyelipokea ni mjukuu, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Msomaji ahesabu siku. Kutoka tarehe hiyo hadi tarehe 7 Julai 1954, ilipozaliwa TANU, ni siku 18 tu. Sidai kwamba jambo moja lilisababisha la pili. Lakini gavana aliyelirudisha fuvu akitaka kuwatuliza wananchi hakujua kwamba walikuwa wamekaribia kutulia kwa namna nyingine kabisa.

Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, wapo waliokuwa hawana hata sanduku la kioo. Wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa pale mwaka 1906, na jamaa wa Nduna Songea Mbano wanaamini kwamba kichwa chake nacho kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha mahali hapo hapo. Mkuu wa dola kubwa ameona yafaa kusafiri mpaka Songea kuingia makumbusho yale. Sisi tulio karibu tuna udhuru gani?

Tuje kwetu chamani. Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, na nyumba yake ya Mtaa wa Ifunda, Magomeni, imehifadhiwa. Ni nyumba ya mtaani katikati ya nyumba nyingine za mtaani. Kijana aliyezoea kuuona uongozi katika magari na mageti anapaswa kuingia humo akavipime vyumba kwa macho yake. Kadhalika ukumbi wa Kaloleni, Arusha, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kulipitisha Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari. Ukumbi huo ulifanywa makumbusho mwaka 1977, mwaka ule ule kilipozaliwa Chama cha Mapinduzi. Mtu anaweza kulikubali Azimio lile au kulipinga, na wanachama wetu hawakubaliani wote. Lakini hawezi kusimama mahali lilipojadiliwa akaendelea kudhani kwamba liliandikwa na malaika. Lilijadiliwa na watu, waliokaa vitini, wakabishana.

Nina neno moja kwa matawi. Nyumba zetu wenyewe hupakwa rangi siku za sherehe, bendera zikapandishwa, hotuba zikasomwa, kisha zikasahauliwa mpaka sherehe ijayo. Ukuta wa udongo haungoji sherehe. Mvua za masika humega kila mwaka, na udongo uliomegwa ukiachwa misimu miwili huondoka na ukuta. Kiingilio kidogo alipacho mgeni husaidia, lakini kisaidiacho zaidi ni watu wengi kuijua njia, maana mahali panapokwendwa na watu hapaachwi paanguke kimya kimya. Shina likipanga matembezi yake ya mwaka, lisiende ufukweni tu. Waliomo katika reli wakumbuke ya kwamba reli yao ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ndiyo iliyochukua mizigo kutoka mabegani mwa watu wale wa misafara. Ni ndugu zao wa kazi.

Na ukifika, usitosheke na yaliyobandikwa ukutani. Muulize mwenye funguo ni nani aliyemfundisha habari hizo, na ni mzee gani wa kijiji bado anazikumbuka. Uliza nani alifyatua udongo wa kuta, nani alipika, nani alibeba. Mara nyingi utapata jibu ambalo halimo katika maandishi yoyote, nalo likisemwa mara moja tu, kwa mgeni aondokaye kesho, linapotea pamoja na yule mzee. Tawi lenye mwanachama mmoja mwenye mwandiko mzuri na daftari, au simu ya mkononi iwezayo kunasa sauti, laweza kuianza kazi hiyo Jumamosi ijayo, na nakala mbili zitoshe: moja ikae ofisi ya tawi, na ya pili akabidhiwe mwenye funguo.