Nasaba ya Virusi: Jenomu Inavyofichua Njia ya Maradhi

Kila kimelea cha maradhi, hata kiwe kidogo kiasi gani, hubeba ndani yake maelekezo ya namna ya kuishi na kuzaliana, na jumla ya maelekezo hayo ndiyo inayoitwa jenomu. Maelekezo hayo yameandikwa kwa kemikali nne tu, ambazo wataalamu huziwakilisha kwa herufi. Jenomu ya virusi vya Ebola ina herufi zipatazo 19,000, ilhali ile ya bakteria wa kifua kikuu, iliyosomwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ina takribani milioni 4.4.

Faida ya kwanza ya elimu hii ni kutambua ugonjwa. Ebola katika siku zake za mwanzo hufanana na malaria, hivyo daktari hawezi kuamua kwa dalili peke yake; maabara hutafuta kipande cha jenomu ya kimelea katika sampuli ya mgonjwa na kukirudufisha mara nyingi mno hadi kiweze kugunduliwa. Kwa kifua kikuu, kazi hiyo hufanywa na mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010. Makohozi huchanganywa na dawa ya maabara, humiminwa katika kichupa maalumu cha plastiki, na katika muda wa saa mbili hivi hujulikana kama bakteria wamo na kama wana usugu dhidi ya rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba, wakati kuwaotesha bakteria hao maabara huchukua wiki kadhaa.

Faida ya pili ni kujua maradhi yametoka wapi. Virusi vinapozaliana hunakili jenomu yao, na katika kunakili hukosea herufi moja moja, kama walivyokosea wanakili wa tenzi za kale, ambao kosa la mmoja lilirithiwa na kila aliyenakili kutoka kwake. Mwenye kulinganisha miswada huweza kusema upi umezaliwa na upi. Vivyo hivyo, mwenye kulinganisha jenomu huweza kuchora nasaba ya virusi na kukadiria muda uliopita tangu vitengane.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika nchini Guinea mwaka 2021, Ebola ilipozuka tena takribani miaka mitano baada ya kumalizika mlipuko wa Afrika Magharibi uliowaua watu zaidi ya 11,000. Ilidhaniwa kwamba virusi vimetoka upya kwa wanyama wa porini. Lakini jenomu zilipolinganishwa na zile za mlipuko wa awali, zilionekana kutofautiana kwa herufi kumi na kadhaa tu, ilhali virusi vilivyoendelea kuambukizana kwa muda wote huo vingetarajiwa kuwa na mabadiliko zaidi ya 100. Maelezo yaliyosimama ni kwamba virusi vilikuwa vimetulia ndani ya mwili wa manusura. Mwaka huohuo, ugonjwa ulipojitokeza tena karibu na Butembo, katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, taasisi ya utafiti ya INRB mjini Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilisoma jenomu na kuthibitisha kwamba ulihusiana na mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Ugunduzi huu unadai busara, kwa sababu ukielezwa vibaya utawafanya manusura waogopwe na kutengwa, na aliyetengwa hujificha, naye akijificha hakuna atakayempima. Virusi husalia katika sehemu ambazo kinga ya mwili haizifikii vyema, kama vile jicho na korodani, pasipo mwenyewe kujua wala kuwa na kosa. Kwa hiyo anachostahili manusura ni vipimo vya mara kwa mara, ushauri na matibabu kwa miaka kadhaa baada ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha. Maana nasaba ya virusi huchorwa ili kujulikana nani anahitaji kutunzwa, wala si nani wa kulaumiwa.