Debe Moja Si Sawa na Jingine: Pima, Andika, Ndipo Uuze



Mpunga ukishaanikwa na kukauka, wanunuzi hawachelewi. Wanapita barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, wanaingia Kidodi na vijiji vya jirani. Wengine huja na chombo chao. Wanasema, "Tunanunua kwa debe." Mkulima anauliza, "Debe bei gani?" Anajibiwa, anakubali, upimaji unaanza.

Lakini kuna swali moja hakuuliza: debe hilo linachukua lita ngapi?

Debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la bati. Lilichukua galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi tunatumia ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo tunaiita debe. Jina ni moja, vyombo ni viwili. Tena debe la bati likigongwa kwa nyundo hutuna, likameza zaidi. Kwa macho huwezi kujua. Lazima upime.

KUPIMA CHOMBO

Huhitaji mashine. Tafuta chupa ya maji iliyoandikwa lita 1. Ijaze maji mpaka pale yanapofika inapouzwa, umimine ndani ya ndoo. Hesabu chupa mpaka ndoo ijae. Zikiingia chupa 20, ndoo ni ya lita 20.

Kama kuna mizani, njia nyingine ni hii. Pima ndoo tupu. Pima ndoo ikiwa imejaa maji. Toa uzito wa ndoo tupu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo kilo zilizobaki ndizo lita. Lakini hii ni kwa maji tu. Lita 1 ya mpunga haifiki kilo 1, maana mpunga ni mwepesi.

KUTAFUTA BEI YA LITA MOJA

Gawa bei ya chombo kwa lita zake. Basi. Hesabu hii ya kugawanya tuliisoma darasani.

KUANDIKA TAARIFA

Ukipima halafu ukanyamaza, umejisaidia peke yako. Ukiandika, kijiji kizima kinasaidika. Maneno ya mdomo hubishaniwa, lakini hesabu iliyoandikwa kila mtu anaweza kuirudia mwenyewe. Taarifa nzuri ina sehemu nne: tulitaka kujua nini, tulifanya nini, tuliona nini, na tunashauri nini.

Tazama mfano huu. Bei na vipimo ni vya mfano tu. Wewe utaandika vya kwako.

TAARIFA YA KUPIMA VYOMBO VYA KUUZIA MPUNGA
Kwa: Mkutano wa kijiji
Kutoka: Kikundi cha wakulima

1. Tulitaka kujua: Je, vyombo vitatu vinavyoitwa debe vinalingana?

2. Tulifanya hivi: Tulijaza kila chombo maji kwa chupa ya lita 1. Tulihesabu chupa. Kila chombo tulikipima mara mbili. Bei ya kila debe ni shilingi 9,000.

3. Tuliona hivi:
Debe la bati: lita 18. Lita moja shilingi 500.
Ndoo ya plastiki: lita 20. Lita moja shilingi 450.
Debe lililotunishwa: lita 22 na nusu. Lita moja shilingi 400.

4. Tunashauri: Kabla ya kutaja bei, chombo kipimwe mbele ya muuzaji na mnunuzi. Chombo kikubwa kiwe na bei kubwa.

Mwisho wa mfano.

Angalia, ndugu. Ukiuza madebe 10, unapokea shilingi 90,000 kwa chombo chochote kati ya hivyo. Lakini kwa ndoo umetoa lita 200. Kwa bei ya shilingi 500 kwa lita, ulistahili shilingi 100,000. Umepoteza 10,000. Kwa debe lililotunishwa umetoa lita 225. Ulistahili shilingi 112,500. Umepoteza 22,500! Hiyo ni bei ya madebe mawili na nusu. Ni daftari za watoto hizo, ni jembe hilo.

Hapo hatujataja kulundika. Mpunga ukilundikwa juu kama kichuguu, lita zinaongezeka tena. Pitisha fimbo iliyonyooka juu ya mdomo wa chombo, kinachozidi kianguke. Kichukue, ni mali yako.

MIZANI NI BORA ZAIDI

Chombo kikipimwa vizuri kinasaidia, lakini mizani inasaidia zaidi. Mpunga mkavu na mpunga wenye pepe unaweza kujaza ndoo ileile, ila uzito si mmoja. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa vipimo halali. Gunia la lumbesa limekatazwa. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wanaosimamia mambo haya ni Wakala wa Vipimo. Mizani yao iliyokaguliwa huwekwa alama. Ukiona mizani haina alama, uliza. Kuuliza si ugomvi.

Na sisi tunaouza rejareja, tusiwe na kopo lililobonyezwa kitako likaingia ndani. Mnunuzi naye ana watoto.

ZOEZI

Duka linauza mafuta ya kula hivi:
Chupa ya lita 1: shilingi 6,000
Dumu la lita 5: shilingi 28,000
Dumu la lita 20: shilingi 104,000

Tafuta bei ya lita moja kwa kila chombo. Kisha andika taarifa fupi yenye sehemu nne. Je, mtu mmoja anunue dumu la lita 20, au majirani wanne wachange wagawane?

Majibu: Chupa, shilingi 6,000. Dumu dogo, shilingi 5,600. Dumu kubwa, shilingi 5,200. Majirani wanne wakichanga, kila mmoja atatoa shilingi 26,000 na kupata lita 5. Ataokoa shilingi 2,000 kuliko angenunua dumu dogo peke yake.

Haya, chukueni chupa na daftari. Anzeni na ndoo ya nyumbani.