Nusu ya msimu hudanganya: Kisa cha shabiki wa Nzoia

Nyumbani kwangu, chini ya kitambaa cha meza ya sebuleni, kuna kipande cha gazeti ambacho mama watoto ametaka kukitupa mara tatu. Ni jedwali la Ligi Kuu ya Kenya la mapema mwaka 2023. Karatasi imeshika rangi ya chai na kona moja imeliwa na mende. Lakini mstari wa juu kabisa ungali unasomeka vizuri: Nzoia Sugar.

Mpenzi msomaji, najua utakalouliza. Mtu mzima anahifadhije jedwali la nusu ya msimu, ilhali kombe lenyewe lilikwenda kwingine? Hilo ndilo ningependa tulizungumzie leo, kwa sababu halinihusu mimi peke yangu. Kila shabiki wa kandanda, awe wa Bungoma, wa Kitale au wa mtaa wowote Nairobi, amewahi kuamka asubuhi moja akiona timu yake iko kileleni, akajitia kuhesabu siku za sherehe.

Nzoia Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Bukembe, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na uwanja wake wa nyumbani ni Sudi. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1975 na kikaanza kusaga miwa mwaka 1978. Jina ni la mto, na mto huo hauko Bungoma tu. Unatoka milima ya Cherangany, unapita kaunti ya Trans Nzoia ambayo Kitale ni makao yake makuu, kisha unateremka hadi Ziwa Victoria. Ndiyo maana sisi wa Kitale hatuoni haya kuidai timu ya Bungoma kuwa yetu. Kwa miaka mingi shabiki wa Kitale aliyetaka kutazama ligi kuu kwa macho yake, si kwa redio, alilazimika kupanda matatu, apitie Kiminini na Kamukuywa, ateremke Kimilili na Chwele mpaka Bungoma. Mji wetu una sifa zake za michezo. Wanafunzi wa St. Anthony's wanajulikana nchi nzima kwa soka na hoki. Lakini vijana hao wakimaliza shule hufunga virago wakaenda kutafuta timu mbali.

Timu ya wanasukari ilipanda ligi kuu mwaka 2017. Msimu wa 2022/23 ulipoanza, mambo ya kandanda nchini yalikuwa yamevurugika kweli kweli. FIFA ilikuwa imeisimamisha Kenya mnamo Februari 2022 na haikuiondolea adhabu hiyo hadi mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Katikati ya vurugu hizo, vijana wa kocha Salim Babu walijitokeza wakicheza kandanda ya kuvutia, pasi za chini chini, bila kelele. Mapema mwaka 2023 walikuwa kileleni. Gor Mahia chini yao. Tusker chini yao. Matajiri wote wa mji mkuu walikuwa wakiitazama Bungoma kwa juu!

Siku moja ya wakati huo nilikuwa kwenye matatu nikirudi Kitale kutoka uwanjani. Kando yangu aliketi mzee mmoja, ana viatu vya mpira na mfuko wa mbolea uliokunjwa chini ya kwapa. Aliniuliza kama ligi tumeshaichukua. Nikamwambia, "Bado, mzee. Tumekaribia nusu tu." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kijana wangu, mahindi yakichanua hayajawa gunia."

Mzee alikuwa mkulima, na katika Trans Nzoia hakuna asiyejua maana ya maneno hayo. Mimi nilicheka. Baadaye nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya mapema.

Ligi yetu ina timu 18, kwa hivyo kila timu hucheza mechi 34. Nusu ya msimu ni mechi 17. Mwaka 2022 bingwa alimaliza akiwa na alama 63. Mwaka 2023 bingwa alikuwa na 70. Gawanya kwa mbili. Anayetaka ubingwa anahitaji kati ya alama 32 na 35 akifika nusu, kisha azipate nyingine kiasi hicho hicho katika mkondo wa pili. Hapo ndipo penye mtego, msomaji wangu. Watu wengi hudhani mkondo wa pili ni marudio ya wa kwanza. Sivyo. Wapinzani wamekwisha kukujua. Beki aliyekuwa na miguu mepesi Desemba ana kifundo kilichovimba Machi. Na dirisha la usajili la katikati ya msimu limefunguliwa na kufungwa, mwenye pesa amenunua, asiye nazo ameuza.

Wana Magharibi tunalijua jambo hili kwa machungu. Msimu wa 2021/22, kabla ya ule wa Nzoia, jirani zetu Kakamega Homeboyz waliongoza ligi kwa muda mrefu. Kule Bukhungu watu walikuwa wamekwisha kupanga nyimbo. Siku ya mwisho ilipofika, Homeboyz walikuwa na alama 63 na Tusker alama 63, na kombe likaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Hebu fikiria! Miezi yote ile, kisha unahukumiwa na mabao ambayo huenda uliyakosa kwa uvivu siku ya mvua. (Homeboyz walijifuta machozi mwaka 2023 walipotwaa Kombe la FKF, na hongera zao.)

Wala si ugonjwa wa Afrika. Msimu ule ule wa 2022/23, Arsenal ya Uingereza ilifika nusu ya safari ikiwa na alama 50 katika mechi 19. Kitale nzima ilivaa nyekundu. Katika vibanda vya kutazama mpira karibu na stendi, mashabiki wa Arsenal walikuwa hawasalimiki. Msimu ulipokwisha Manchester City ilikuwa na 89, Arsenal 84. Utaniuliza, na Leicester je, ile ya mwaka 2016? Ni kweli, timu ndogo inaweza kuvumilia hadi mwisho. Lakini sijasikia kwamba mchezaji wa Leicester aliwahi kukosa nauli ya kwenda mazoezini.

Hapo sasa ndipo ninapofika kwenye maoni yangu, na anayepinga anipinge. Jedwali la katikati ya msimu linakuonyesha miguu ya wachezaji. Halikuonyeshi mfuko wa timu. Na mkondo wa pili huchezwa na mfuko.

Chukua suala la safari peke yake. Zaidi ya nusu ya timu za ligi kuu msimu ule zilikuwa na makao Nairobi. Timu ya Nairobi ikicheza na nyingine ya Nairobi, mchezaji hulala kwake, akala chakula cha mkewe, akaenda uwanjani. Nzoia ikienda Mombasa kucheza na Bandari, hiyo ni karibu kilomita 900 kwenda pekee. Katika mkondo wa kwanza vijana hubeba safari hizo kwa furaha, maana wanashinda. Mwili haudai siku ile ile. Hudai baadaye, na hudai na riba.

Chukua pia suala la washambuliaji. Mwaka 2018 Nzoia ilikuwa na Elvis Rupia, kijana aliyekuwa akicheka na nyavu kila wikendi. Katikati ya msimu akaondoka kwenda Power Dynamos ya Zambia. Simlaumu hata kidogo, mchezaji ana miaka michache ya kuchuma na familia yamtegemea. Lakini jiulize timu iliyobaki ilifanya nini Jumapili iliyofuata. Rupia huyo huyo ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2022/23, akiwa na mabao 27, huku amevaa jezi ya Kenya Police. Yaani mwaka ambao Nzoia ilikuwa kileleni ikihitaji mtu wa kumalizia kazi, mtu huyo alikuwa akiwafungia wengine.

Ligi ya 2022/23 ilimalizwa na wenyewe. Gor Mahia alama 70, Tusker 69, wakikimbizana hadi siku ya mwisho mwezi Juni. Nzoia hawakuwa katika mbio hizo tena. Walipoanza kuteleza, nilisikia watu Bungoma wakimtaka kocha aondoke. Ajabu! Mtu yule yule aliyewafikisha kileleni kwa wachezaji ambao hakuna aliyewajua. Msomaji, kwa kuwa mashabiki tuna kisahaulifu, acha nikukumbushe kwamba Babu huyo ndiye aliyeongoza vijana wa Kenya wa chini ya miaka 20 hadi fainali za Afrika nchini Misri mwaka 2025. Kama hakuwa kocha, basi sijui kocha hufananaje.

Kisha ukaja msimu wa 2023/24, ule ambao sikuukatia jedwali. Timu iliyokuwa juu ya wote mwaka mmoja uliopita ilishushwa daraja, na Muhoroni Youth, nayo ya eneo la miwa, ikashuka pia. Mwezi huo huo wa Juni 2024, Bungoma ilikuwa imefurika wageni: sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, uliokuwa umekarabatiwa ukapendeza. Mji ukapata uwanja wa kujivunia na kupoteza timu ya ligi kuu katika majira yale yale.

Ukitaka kuelewa, usianzie uwanjani. Anzia shambani. Katika nchi hii sukari ililea kandanda kwa muda mrefu. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Chemelil ilikuwa timu ya kuogopwa. Mumias ilikuwa na timu yake. Viwanda vilipokuwa na pesa, mchezaji alipata kazi, nyumba na mshahara, na akistaafu mpira anabaki kiwandani. Viwanda vilipoanza kuyumba, vikadaiwa na wakulima wa miwa na wafanyakazi wao wenyewe, timu zikawa kama mtoto wa kambo, wa mwisho kugawiwa ugali. SoNy iliondolewa ligini msimu wa 2019/20 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake. Chemelil ilishuka msimu huo huo. Ndio wakati ambao mdhamini mkuu, SportPesa, alikuwa amejiondoa mwaka 2019 baada ya kuzozana na serikali kuhusu leseni. Kwa hivyo Nzoia kuongoza ligi mwaka 2023 ilikuwa ni mwujiza mdogo, na sisi tuliuona mwujiza tukauita haki yetu.

Nasi mashabiki tuna lawama, tena si ndogo. Jumamosi alasiri ukipita Kitale utakuta vibanda vya video vimejaa, watu wamelipa kiingilio kutazama timu za London. Sikatai, mimi mwenyewe huwamo. Lakini wangapi kati yetu tulipanda matatu kwenda Sudi hata mara moja Nzoia ilipokuwa kileleni? Na tuliokwenda, wangapi tuliingia kwa tikiti, na wangapi tulisimama nje tukingoja lango lifunguliwe dakika za mwisho? Siku moja mwanangu aliniuliza kwa nini hatuingii wakati mpira umeshaanza. Nilimwambia tunangoja foleni ipungue. Foleni haikuwapo.

Siku hizi nikitazama jedwali la nusu ya msimu, la timu yoyote, huwa na maswali yangu madogo. Mechi zilizobaki, ngapi ni za nyumbani? Nani ameondoka katika dirisha la usajili? Yule kipa wa akiba amewahi kucheza hata dakika tisini? Mabao ya kufungwa yanapanda? Na swali la mwisho halimo kwenye jedwali lolote, nalo ni la mshahara.

Mwezi Mei 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha Nzoia kwa kampuni ya West Kenya Sugar kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma vilivyokabidhiwa wawekezaji tofauti. Wakulima walizungumza juu ya bei ya miwa, wafanyakazi juu ya malimbikizo yao. Nilitafuta katika mazungumzo hayo yote mtu aliyetaja timu ya mpira, nikaona ni sisi wachache.

Yule mzee wa viatu vya mpira nilikutana naye tena Kitale, baada ya timu kushuka. Alikuwa amesimama kwa muuza magazeti karibu na soko. Nilidhani atanikumbusha habari ya mahindi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kijana, wale watoto walilipwa?"

Nikamwambia sijui, mzee. Akanunua gazeti, akafungua kurasa za michezo moja kwa moja, akanipa nimsomee matokeo ya ligi ya daraja la pili kwa sababu miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani.