Tagi ya alamu kifuani mwa gauni: inalinda mali au inafukuza mteja?

Wafanyabiashara wenzangu, hasa mnaouza nguo, mikoba, viatu na vipodozi, leo tuongelee kile kidude cha plastiki chenye pini. Kile kinachofunguliwa kaunta kwa sumaku, na mtu akitoka nacho geti la mlangoni linapiga kelele. Kitu chenyewe si kipya, Mmarekani Arthur Minasy alikibuni miaka ya 1960. Ila zamani kwetu ulikuwa unakiona kwenye maduka makubwa tu. Siku hizi hata fremu ya Sinza au Kariakoo unakuta geti limesimama mlangoni.

Wengi mnaniuliza kama inalipa. Mimi nitaanza na swali ambalo muuza tagi hatakuuliza: bidhaa yako itaonekanaje ikishawekewa?

Tupige hesabu. Blauzi umeichukua kwa 18,000, unaiuza 28,000. Faida ni 10,000, hapo bado kodi ya fremu na umeme. Ikiibiwa moja, lazima uuze karibu mbili ndo urudishe ile 18,000. Kwa hiyo wizi unauma, sibishi. Lakini sasa chukua blauzi ileile ya satini, pini imepita katikati ya kifua, tagi imening'inia miezi miwili, ukiitoa kuna tundu. Mteja analiona kabla hata hajauliza bei. Utaishia kumwachia kwa 18,000 ili iondoke. Zikiwa kumi hivyo, 100,000 imepotea, na hakuna mwizi aliyeingia dukani. Hiyo hasara huwezi kuiona kwenye daftari la wizi, ndo maana watu hawaihesabu.

Nguo inauzwa mbele ya kioo. Mimi nauza nguo za kike, na nimekaa sana nikiangalia dada anapojaribu gauni. Akijigeuza upande, mkono wake unaenda kiunoni, unashuka kwenye nyonga, halafu anavuta shingo ikae sawa. Hizo ndo sehemu tatu anazoamulia. Tagi ikikaa kwenye mojawapo, anachokiona kioo ni tagi. Ikikaa kwapani au nyuma ya shingo inamchoma, anaivua haraka na kusema "nitarudi". Unamjua huyo wa nitarudi.

Kwa hiyo kwenye gauni na blauzi, weka chini kwenye mshono wa pembeni, kama kiganja kimoja kutoka kwenye pindo. Pini ipite kwenye mshono wenyewe, pale kitambaa kimekunjwa na kushonwa, si kwenye kitambaa kitupu. Tundu kwenye mshono halionekani. Suruali, iweke mshono wa ndani wa mguu, chini. Hakikisha haijabana pande mbili za nguo pamoja na haijapita juu ya zipu, maana nimeshaona duka ambalo mteja hawezi hata kuingiza mguu. Halafu nguo zote za aina moja ziwekewe sehemu ileile, upande uleule. Rafu inatulia machoni, na msichana wako wa kaunta hatafuti.

Kuna vitu ambavyo pini isiviguse kabisa. Satini, hariri na shifoni: uzi ukikatika umekatika. Sweta na nguo za kufuma: uzi mmoja ukitoka, unafumuka mstari mzima. Ngozi ndo mbaya kuliko zote, tundu la ngozi halijifungi. Tena shifoni hata isipotoboka, uzito wa tagi unaivuta upande mmoja kwenye hanga, baada ya wiki chache bega moja limeshuka.

Sasa utafanyaje? Tumia tagi ya kamba, ile yenye waya laini unaozunguka. Mkoba, pitisha kwenye mkono wake. Raba, pitisha kwenye matundu ya kamba za kiatu. Suruali, kwenye vile vitanzi vya mkanda. Na shati lenye vifungo, tumia tundu la kifungo cha chini kabisa. Fundi ameshakutobolea, wewe unatoboa tena ya nini?

Kuhusu ukubwa, hapa watu wanauziwa vitu ovyo. Mageti yanayouzwa sana ni ya aina mbili, moja inafanya kazi kwenye 8.2 megahezi, nyingine 58 kilohezi, na tagi za huku hazisikiki kule. Kabla ya kuagiza tagi mtandaoni kwa sababu ni nzuri, soma kwanza geti lako ni lipi. Tagi za 8.2 ndani zina waya au karatasi ya alumini iliyozungushwa kama konokono, ndo maana nyingi ni bapa, duara au mraba. Zile za 58 ndani zina vipande vyembamba vya chuma, kwa hiyo zinaweza kuwa nyembamba na ndefu, na kwenye nguo nyepesi zinajificha vizuri zaidi. Kwa kawaida tagi ikiwa kubwa inasikika kutoka mbali zaidi. Kama mlango wako ni wa fremu ya kawaida, usikubali kuuziwa dubwasha kubwa kama sahani. Mwambie muuzaji alete ndogo, apite nayo mlangoni kwako mara kadhaa, akiishika juu, chini na upande, usikie mwenyewe.

Zipo pia zenye wino, mwizi akilazimisha kuitoa wino unamwagika. Mimi sizitaki. Mwizi hafaidiki, sawa, na wewe je? Nguo imeshakufa.

Haya, wa vipodozi na manukato. Ninyi mnatumia stika, na tatizo lenu si tundu. Mteja wa leo akishika losheni kitu cha kwanza anaigeuza. Anatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, ilikotengenezwa. Bidhaa feki zimemfundisha. Sasa wewe umebandika stika juu ya tarehe. Haijalishi ulikuwa na nia gani, yeye anaona mtu aliyeficha tarehe. Akianza kuibandua kwa kucha mbele yako, ujue imani imeshaondoka, na ataenda kumwambia shoga yake. Bandika kwenye kitako cha boksi au mgongoni penye nafasi tupu. Manukato hasa, watu wananunua zawadi, na gundi iliyobaki mbele ya boksi inamfanya aonekane kanunua kitu kilichotumika. Na ukibandika stika ya 8.2 juu ya kopo la bati au boksi lenye karatasi ya kung'aa ya alumini, chuma kinaua mawimbi. Umechafua boksi bure, geti halisikii chochote.

Kuna wanaosema basi bora kufungia kila kitu kwenye kabati la kioo. Marekani wamejaribu. Maduka ya dawa ya Walgreens yalifungia bidhaa nyingi kwa kufuli kwa ajili ya wizi, na Januari 2025 mkuu wao, Tim Wentworth, alikiri kwamba ukifungia bidhaa unauza chache. Sisi wala hatuhitaji kwenda huko kujifunza, tuna duka la Mangi lenye nondo. Pale unanunua ulichokwenda kununua, sabuni na kiberiti, basi. Hakuna mtu aliyewahi kusimama nje ya nondo akajikuta amependa kitu ambacho hakukipanga. Gauni linauzwa kwa kushikwa.

Kama duka lako ni dogo, upo mwenyewe na unaona kona zote, mimi nakushauri usinunue geti kwanza. Shusha rafu za katikati zisizidi kifua chako. Hanga zipange moja ikiangalia mbele moja nyuma, mtu hawezi kukumbatia nguo kumi akakimbia, na kwa mbali mpango unaonekana uleule. Anayeingia kujaribu mpe kadi yenye namba ya nguo alizoingia nazo. Za bei kubwa zivalishe mdoli karibu na kaunta, bila tagi. Hizo ndo za kupiga picha za Instagramu pia, maana picha yenye tagi inaonekana kama umepiga dukani kwa mtu mwingine.

Na ukishaweka geti, simamia kaunta. Hakuna kitu kinaudhi kama mteja kufika Mbagala, anafungua mfuko, tagi bado ipo kwenye nguo aliyoilipia. Itabidi apande gari kurudi, au achukue kisu aichane. Dawa yake ni rahisi: kila tagi inayotolewa iingie kwenye boksi moja chini ya kaunta, na jioni zihesabiwe. Ulizotoa zilingane na nguo ulizouza zenye tagi. Zikipungua, kuna mtu kaondoka nayo, tafuta risiti na namba yake, mpigie wewe kabla hajakupigia.

Ambao mna nguo za pamba zenye matundu tayari, msizishushe bei bado. Nyunyiza maji kidogo kwenye tundu, sugua taratibu kwa kucha kulia kushoto, juu na chini, nyuzi zirudi mahali pake, kisha pitisha pasi ya mvuke. Kama uzi haukukatika, linajifunga.