Mapafu Nje ya Mwili (Sehemu ya 2): Kura Vitandani pa Watoto

Mtoto aliyeokolewa na Dk. Robert Bartlett mwaka 1975, katika hospitali ya Orange County huko California, alizaliwa na mama kutoka Mexico, naye alikuwa amevuta kinyesi chake cha kwanza hadi mapafuni. Mashine ya kupumulia ilikuwa imeshindwa. Bartlett akamuunganisha na mtambo wa ECMO, na siku chache baadaye mtoto akapumua kwa mapafu yake mwenyewe.

Mtambo huo hautibu chochote. Huchota damu kwa mrija kutoka mshipa mkubwa wa shingoni, huipitisha kando ya utando mwembamba wenye oksijeni upande wa pili, kisha huirudisha mwilini ikiwa imepashwa joto. Mashine za awali za upasuaji wa moyo zilichanganya damu na hewa moja kwa moja, na damu ikaharibika baada ya saa chache. Utando ndio uliowezesha kazi hiyo kudumu siku kadhaa, hata wiki. Muda wote huo mapafu hupumzika, hayashindiliwi hewa kwa nguvu ambayo yenyewe huyajeruhi. Hatari iko kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda: damu iliyozuiwa kuganda mrijani yaweza kuvuja kwenye ubongo, na watoto njiti ndio walio hatarini zaidi.

Je, mtambo huo ulishinda tiba ya kawaida? Swali hilo liliwatesa madaktari kuliko mtambo wenyewe.

Jaribio la Bartlett lililochapishwa 1985 lilitumia kura ya aina yake: tiba iliyofaulu iliongezewa nafasi ya kuchaguliwa tena. Mtoto wa kwanza akapata ECMO, akapona. Wa pili akapata tiba ya kawaida, akafa. Tangu hapo kura ikaelemea upande mmoja: watoto 11 wa ECMO walipona wote, na upande wa pili alikuwapo yule mmoja tu. Wakosoaji wakauliza, kifo kimoja ni ushahidi gani? Kihesabu walikuwa na haki. Lakini nani angemkabili mzazi na kumwambia mwanawe anahitajika ili jedwali lijae?

Waingereza walithubutu. Kati ya 1993 na 1995 watoto 185 waligawanywa kwa kura sawa. Kati ya 93 waliopangiwa ECMO walikufa 30. Kati ya 92 wa tiba ya kawaida walikufa 54. Pengo hilo lilipoonekana, usajili ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Wiki ijayo: watoto wakubwa wenye nimonia kali, ambao kwao jibu si jepesi hivyo.